Unyayo wa Baba Umekunywa Nini?

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo asubuhi, na unyayo wa Baba umevunjika. Si ule wa kuzaliwa nao. Huo, wa kulia, uko salama. Ni wa kushoto, niliomtengenezea mimi kwa mikono yangu hii miwili. Umepasuka pale vidole vinapoanza kukunjika, naye akaenda chini mzimamzima mlangoni pa karakana yao ya samani, meza mikononi. Aliyenipigia simu ni Msumari, seremala anayefanya kazi naye, ambaye ukimwona tu unajua jina lilitoka wapi. "Usishtuke," akaniambia. Jamani, mtu akikuanza na usishtuke, utafanya nini kingine?

Kifundo cha mkono kimevimba, hakikuvunjika. Baba mwenyewe anacheka. "Meza ina miguu minne mizima, na bado tumeanguka wote." Mimi sikucheka. Huu ni unyayo wa pili kumvunjikia tangu mwaka uanze.

Basi nijieleze, maana daftari hili ni jipya na halinijui. Natengeneza miguu bandia katika karakana iliyo nyuma ya hospitali. Nyayo tunazipika kwa mchanganyiko wa plastiki ngumu iliyosagwa na mpira: plastiki inabeba uzito, mpira unakubali kupinda. Mkuu wetu ni mama mmoja tunayemwita Bi Mizani, kisirisiri, kwa sababu hupima kila kitu, hata sukari ya chai yake. Jioni ameupima unyayo uliovunjika, gramu 431, kisha akanipa daftari. "Andika kila kitu. Uzito, siku, hali ya hewa. Kichwa kitakudanganya." Kasema kila kitu. Haya, nitaandika kila kitu.

Jumanne, 5 Machi

Kaka amepiga simu. Yuko mji mwingine, ana nyumba kubwa na sauti kubwa. "Ukivunjika mwingine mmoja tu, nakuja kumchukua Baba. Likizo yangu ni Mei. Akae kwangu, ale, alale, apumzike."

Apumzike! Baba anapiga samani vanishi tangu mimi sijazaliwa. Miaka minne iliyopita gogo lilimponda mguu, kidonda kikaoza, wakamkata chini ya goti. Alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa kama kabati la mwalimu limekauka. Mtu huyo ukimkalisha kwenye kochi kutwa nzima, mwaka hatamaliza. Kwa hiyo mambo ni haya: mpaka Mei awe na unyayo usiovunjika, la sivyo anaondoka kwake, anaiacha kazi, na mimi, niendaye kwake kila Jumapili, nabaki na Jumapili tupu.

Nilimjibu Kaka vibaya. Nikakata simu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nimepika unyayo wa tatu.

Ijumaa, 8 Machi

Hili naliandika kwa herufi ndogo. Kanuni ya Bi Mizani ni kwamba katika kila sehemu mia za mchanganyiko, mpira uwe thelathini. Katika nyayo za Baba mimi natia hamsini. Sikumwomba mtu ruhusa.

Mwaka jana nilimkuta amekaa kitandani akilisugua gutu la mguu huku anaimba. Baba haimbi. Alikuwa anaimba ili nisisikie anavyogumia. Unyayo wa thelathini ulikuwa mgumu kwake, kila hatua ilimgonga mpaka gotini. Nikarudi kazini, nikaongeza mpira. Siku alipouvaa huo laini alizunguka chumba mara mbili, akasimama, akasema, "Mama, huu unakanyaga kama wa nyama." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Kwa maneno hayo ningetia mpira hata tisini.

Na wa juzi nao nimetia hamsini. Laini haivunjiki, ngumu ndiyo inayovunjika. Au siyo?

Jumapili, 10 Machi

Nimempelekea Baba unyayo wa tatu. Umemkaa vizuri. Mvua ilininyeshea kwenda na kurudi.

Jumatatu, 11 Machi

Leo Bi Mizani ameutoa tena ule uliovunjika, akauweka mizani. Ulipotoka kwenye kalibu mwezi Januari ulikuwa gramu 412. Siku ulipovunjika, 431. Leo, baada ya wiki moja rafuni, 405.

"Umeona?" akaniuliza. Niliona namba tatu. Yeye aliona mgonjwa. "Ulikunywa kitu, ukavimba. Kisha ukakitapika, na kilipotoka kikatoka na mafuta ya unyayo wenyewe, ndiyo maana sasa ni mwepesi kuliko ulivyozaliwa. Unyayo wa baba yako umekunywa nini?"

"Maji, Mkuu. Si mvua hizi?"

"Usiniambie. Niambiwe na mizani."

Mwanamke huyu moyo wake una visahani viwili na jiwe la kilo.

Jumatano, 13 Machi

Nimekata vipande vya kujaribia kutoka kwenye mchanganyiko wa Baba, vipana ncha mbili na vyembamba katikati. Kumi nimevitia kwenye chupa ya maji, kumi nimeviacha vikavu. Kila siku nitavipima.

Alhamisi, 14 Machi

Maji: hakuna badiliko.

Ijumaa, 15 Machi

Hakuna. Mvua imeingia kwenye viatu vyangu, kwenye vipande haiingii.

Jumapili, 17 Machi

Kwa Baba. Kila Jumapili alasiri huwa naukagua unyayo, naye huniwekea mezani juu ya kitambaa safi, kama ofisa anangoja saini. Unang'aa. Kutwa nzima mtu yuko kwenye vumbi la msasa na vanishi, lakini unyayo hauna hata doa. "Kazi yako lazima ionekane, mama," akasema. Nimeona raha mpaka nikasahau kuubonyeza vidoleni.

Jumatano, 20 Machi

Leo tumevivuta vipande kwenye mashine mpaka vikakatika. Vya maji na vikavu vimekatika kwa nguvu ile ile. Uzito haukupanda hata robo gramu. Wiki mbili nimeisingizia mvua ya watu.

Alhamisi, 21 Machi

Nimeomba ruhusa nikaenda kazini kwa Baba bila kumwambia. Nilikwenda na ugomvi wangu mkononi, nakiri. Nilikuwa nimeshapanga: huyu mzee ni mkaidi, anamwaga thina kila mahali, unyayo wangu unaoga humo kutwa. Thina ni yale maji makali ya kuyeyushia rangi na vanishi. Mtu akifungua kopo lake, macho yanatoka machozi.

Nikamkuta anapiga mkono wa pili wa vanishi kwenye kitanda cha watoto. Mguu wa kushoto ameufunga mfuko wa plastiki mpaka gotini, kamba juu, kamba chini, na ameuweka juu ya kibao ili hata sakafu usiiguse.

"Baba, hapa thina inakudondokea mguuni?"

"Hapa? Hata tone. Kwa nini?"

"Tusidanganyane, Baba."

Msumari akatoa penseli sikioni. "Dada, usimwonee mzee. Huo mguu anaufunga kama mtoto mchanga. Juzi nimemwomba akanyage ubao nikate, akaniambia kanyaga na wako, wangu una mwenyewe."

Baba akanitazama vile anavyotazama ubao uliopinda, kwa huruma na kutafuta pa kuanzia. Akanipa kiti, akakifuta vumbi kwanza. Nikaona haya. Nilikuja kumshika mwizi, nikamkuta mlinzi.

Ila nguo zake zote zinanuka thina. Hilo halishangazi, zimenuka hivyo tangu nikiwa mtoto. Hiyo kwangu ndiyo harufu ya kukumbatiwa.

Jumatatu, 25 Machi

Hata hivyo nimeamua kujaribu thina. Chupa mbili. Ya kwanza ina vipande vya kanuni, mpira thelathini. Ya pili ina vyangu, hamsini. Sikuandika namba juu ya chupa, nimeandika tu Kwanza na Pili.

"Pili ni nini?" Bi Mizani akauliza.

"Jaribio tu, Mkuu."

Akaitazama chupa, akanitazama mimi, akaenda kupima sukari yake.

Jumanne, 26 Machi

Loo! Kwanza: vimeongezeka uzito sehemu nane katika mia. Pili: thelathini na sita. Vimevimba, vinateleza, ukikishika kimoja kinalegea mkononi kama tambi iliyoiva. Sikula mchana.

Jumatano, 27 Machi

Pili bado vinapanda, polepole sasa. Siku ya kwanza vinakunywa kwa pupa, kisha vinashiba.

Ijumaa, 29 Machi

Nimevitoa vyote nikavianika ndani, kwa kuwa nje ni mvua tupu.

Jumatano, 3 Aprili

Vimekauka. Pili sasa ni vyepesi kuliko vilivyokuwa kabla ya kuloweshwa. Ndiyo zile hesabu za unyayo wa Baba, mtindo mmoja. Tumevivuta. Kwanza vimepoteza nguvu kidogo, si cha kutisha. Pili vimekatika kwa nusu ya nguvu ya awali, na vilipokatika havikuvutika kwanza, vilipasuka tu, pwa.

Ni thina. Baba anaapa haigusi. Na unyayo alionao mguuni sasa hivi, wakati naandika, ni hamsini.

Alhamisi, 4 Aprili

Bi Mizani amenichukua hadi maabara ya hospitali, kwenye hadubini. Nilijua safari hiyo itaishia wapi, nikaenda kama mbuzi anayevutwa.

Amekata kipande chembamba cha Kwanza. "Tazama." Mpira ulikuwa vitone vitone, kila kimoja peke yake, plastiki imevizunguka pande zote. "Thina ikija, inanywewa na vitone vya juu juu. Vya ndani havifikiki haraka, plastiki imeziba njia." Kisha akaweka cha Pili. Vitone havikuwepo. Vilikuwa vimeungana, mpira umeshikana na mpira kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule, vichochoro vimepita katikati ya plastiki. Thina ikiingia mlango wa mbele inatokea wa nyuma. Na ilipotoka wakati wa kukauka, iliacha nyufa pale mpira ulipoachana na plastiki.

"Huu una mpira kiasi gani?" aliuliza bila kuinua jicho kwenye hadubini.

"Hamsini, Mkuu."

"Na wa baba yako?"

Nililia. Sijui kulia vizuri, mimi hulia kwa kwikwi kama mlevi. Nikamweleza yote, ile Jumapili ya kitandani, Baba akiimba. Nikangoja anifukuze.

Akavua miwani. "Ulitaka asiumie. Hilo si kosa. Kosa ni kuniweka kando. Mtu akiumia gutu, unamtilia sifongo juu, kwenye kikombe gutu linapoingia. Huulegezi unyayo unaombeba." Kisha akasema, polepole, "Ungeniuliza ningekwambia. Zamani mimi nilikuwa na mume asiye na mguu."

Sikujua. Miaka sita nafanya kazi na mtu huyu na sikujua. Tuliporudi alinipikia chai, na sukari yangu hakuipima, alitia tu.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimempigia Baba simu avue ule unyayo, atembelee mkongojo mpaka nilete mwingine. "Umefanya nini?" akauliza. Nikasema nitakuja kueleza. "Lakini Jumatatu nina meza ya kukabidhi," akasema. Nikajua hatavua.

Jumamosi, 6 Aprili

Kazi ya leo: thelathini, na mpira wenyewe tuupike na salfa ndani ya mashine wakati unachanganyika, ili nyuzi zake zifungane. Mpira uliofungwa hivyo hata ukinywa hauwezi kuvimba sana. Umeme umekatika saa nne, mchanganyiko umegandia mashineni.

Jumapili, 7 Aprili

Nimeshinda kazini, mimi na Bi Mizani, tunachokonoa mashine kwa patasi. Kwa Baba sikwenda. Nimempigia. "Nipo nimesimama," akasema. Namna gani mtu anajibu hivyo?

Jumanne, 9 Aprili

Mvua, umeme hakuna.

Jumatano, 10 Aprili

Hakuna.

Ijumaa, 12 Aprili

Umerudi! Tumepika. Gramu 418. Bi Mizani amekata kipande cha pembeni tukakitia kwenye thina.

Jumamosi, 13 Aprili

Kipande kimeongezeka sehemu tatu tu katika mia. Nimemkumbatia Bi Mizani. Alisimama wima kama nguzo, lakini hakuniondoa.

Jumapili, 14 Aprili

Kila Jumapili huenda kwa Baba alasiri. Leo sikuweza kungoja. Nilifika mapema asubuhi, unyayo mpya kifuani chini ya koti la mvua, na kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa bado umefungwa nikazunguka uani.

Chini ya upenu wa jikoni kuna benchi la Baba la brashi. Kila Jumamosi jioni, tangu naanza kumfahamu, Baba huzisimamisha brashi zake kwenye kopo la thina zilale humo mpaka asubuhi, zisikauke, zibaki laini. Brashi yake moja ina umri wangu. Leo kopo la brashi lilikuwa pale. Na kando yake, kwenye kopo kubwa zaidi la rangi, thina imefika kwenye kifundo, ulikuwa umesimama mguu wa Baba.

Mvua ilikuwa inanipiga mgongoni. Nikausikia mkongojo ndani, to, to, kisha mlango wa jikoni ukafunguka na Baba akatokea na kikombe cha chai, mguu mmoja, shati la kulalia.

"He! Mama! Leo umeniwahi," akasema, na akacheka kwa aibu, kama mtu aliyefumaniwa anaandaa zawadi. "Sijauandaa bado. Unapenda kuukuta safi, sasa vanishi haitoki kwa sabuni. Huulaza humu tu, pamoja na wenzake. Asubuhi natoa, nafuta, unakuwa mpya."

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu ule laini. Ule mgumu nilikuwa nafuta tu. Lakini huu ulinitengenezea kwa mapenzi, nikasema huu nitautunza kama brashi yangu kubwa."

Niliutoa kwenye kopo. Nikaukunja vidole kwa mkono mmoja tu, na pale pa kukunjikia pakafunguka kama mdomo. Kesho Jumatatu angeuvaa. Kesho angebeba meza.

Ningesema nini? Mtu amekwambia nimeutunza, unamwambia umeuua? Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hawasemi ufanye nini kikulacho kikiwa ni upendo wa baba yako. Nikamfunga unyayo mpya, nikatia sifongo kwenye kikombe. "Huu usiutie thina, Baba." "Kwa nini?" "Ni mpya." Nikanywa chai yake, nikaaga. Nikaondoka na ule mwingine ndani ya mfuko.

Jumatatu, 15 Aprili

Sina la kuandika.

Jumatano, 17 Aprili

Saa tano asubuhi mlinzi amekuja kuniambia kuna mzee ananiuliza. Baba. Amekuja mwenyewe, kwa unyayo mpya, tope mpaka goti, kofia mkononi. Miaka yote hii hajawahi kukanyaga hapa, vipimo vyote nilimchukulia nyumbani. Alimwamkia kila mtu, mpaka mashine nadhani aliiamkia. Bi Mizani akamletea kiti, akasema ana kazi ghalani. Hana kazi yoyote ghalani.

"Mama," Baba akasema, "Jumapili uliniambia 'ni mpya'. Nimekulea, najua sauti yako ikiwa imeficha kitu. Ni mimi ninayeuvunja?"

Nikachukua vipande viwili vya hamsini, kimoja kikavu, kimoja kilichokunywa thina kikakauka. Nikampa mikononi. "Vuta, Baba."

Mikono ya Baba, jamani. Kikavu alikivuta mpaka mishipa ikamtoka, kikarefuka, hakikukatika. Kile kingine kilikatika kabla hajakaza. Akabaki ameshika nusu mbili. Akazinusa zote. Miaka arobaini mtu na thina, hakuhitaji mimi wala hadubini.

"Inalainisha brashi," akasema taratibu, "itaacha kulainisha cha mtoto wangu?" Akazigeuza zile nusu. "Mara mbili nimeanguka. Mara mbili umelia ukidhani ni mkono wako. Kumbe ni mimi na kopo langu."

"Na mimi, Baba." Hapo ndipo niliposema yote. Hamsini, kanuni, herufi ndogo. Kwamba unyayo wa thelathini ungestahimili kopo lake zaidi, kwamba mimi ndiye niliyefungua vichochoro ndani yake, yeye akamimina. "Nilikuona kitandani, unaimba. Sikuvumilia."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

Baba akafunika uso kwa kofia. Mabega yakatikisika, nikadhani analia, nikainuka. Alikuwa anacheka, na kulia pia, vyote. "Wewe umeulegeza kwa ndani, mimi nikaulegeza kwa nje. Unyayo ungepona wapi?" Akanivuta, nikaweka kichwa shatini mwake. Thina tupu.

Alipokuwa anaondoka, alimwambia Bi Mizani, "Nakushukuru kwa kumfundisha binti yangu." Bi Mizani akajibu, "Nami nakushukuru kwa kumzaa mkaidi." Wakaelewana hapo hapo.

Ijumaa, 19 Aprili

Msumari ameshapata habari, Baba hawezi kuweka siri yake mwenyewe. Amenipigia simu maksudi kusema, "Dada, si walisema kuchamba kwingi..." na hakumalizia, kicheko kimemshika. Nimemwambia akome.

Jumapili, 21 Aprili

Gramu 418.

Jumapili, 28 Aprili

418. Unyayo una michirizi ya vanishi mpaka kisigino, na Baba anaona haya kunionyesha. Sabuni na maji tu, nimemwambia, kisichotoka kibaki. Anaugeuza ule upande mbaya uangalie ukuta.

Jumapili, 5 Mei

418. Mvua kubwa kuliko zote. Nimemwuliza kama gutu linauma. "Kidogo, jioni." Hakuimba. Amesema tu kidogo, jioni, kama mtu anavyomwambia mtu. Nimeongeza sifongo.

Jumamosi, 11 Mei

Hakuna unyayo mwingine uliovunjika, lakini Kaka amekuja hivyo hivyo. Gari limefika kwa Baba saa tatu asubuhi, ndani limetandikwa godoro jipya kiti cha nyuma, ili Baba anyooshe mguu njiani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vita tangu alfajiri. Nilikuwa na daftari hili mkononi, kurasa nimeziwekea alama.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Nikaanza kusoma gramu zangu. Kaka akanisikiliza kidogo, akainua mkono. "Dada, sielewi hayo. Wewe unajua kupima. Mimi mvua ikianza tu, popote nilipo, namwona Baba yuko chini. Nipo mkutanoni, namwona yuko chini. Siku ile ya gogo mimi ndiye niliyemnyanyua, wewe ulikuwa kazini." Sauti yake kubwa ikawa ndogo kabisa. "Nimechoka kumwona chini."

Miaka minne nimemwita jeuri. Sikuwahi kumwuliza anaona nini.

Baba hakubishana naye. Akachukua kofia. "Nina kabati la kumalizia. Nisindikizeni, kisha tutaongea."

Tukaenda kwa miguu, sote watatu, mvua inanyesha. Barabara ni tope mpaka kwenye kona, halafu kuna mtaro wa kuruka, halafu ngazi nane za saruji bila kishikio. Kaka alimshikia Baba mwavuli kwa mkono mmoja, na mkono wa pili aliuweka nyuma ya mgongo wake, umbali wa kiganja, bila kumgusa, njia nzima. Kwenye mtaro Baba alisimama, akatanguliza wa kushoto. Wangu. Ukakanyaga, ukapinda pale pa kupinda, ukarudi. Akavuka. Ngazi akazipanda moja moja akituhadithia bei ya mbao.

Karakanani Msumari alikuwa ameshalisimamisha kabati, refu, la watu wa maktaba. Baba akafunga mfuko wake mguuni, kamba juu, kamba chini. Kaka akaona michirizi kabla haijafunikwa. "Baba, mbona mguu mchafu hivi?"

"Nimekatazwa kuusafisha," Baba akasema, kwa fahari ambayo sijamwona nayo hata siku ya harusi ya Kaka.

Kisha akachovya brashi. Kona ya juu ya kabati ilikuwa mbali kidogo na mkono wake. Hakuomba kiti. Akashika ukingo, akanyanyuka kwa vidole, miguu yote miwili, uzito wake wote ukaenda kushoto kwa sababu kona ilikuwa kushoto, akabaki hapo juu, anavuta brashi polepole kutoka mwanzo mpaka mwisho, maana vanishi ukiikatiza katikati inaacha alama. Sote tukamsogelea hatua moja, hata Msumari. Baba peke yake ndiye hakuwa na habari. Alikuwa anaangalia kona.

Akashuka. Akachovya tena.

"Mwanangu," akamwambia Kaka, mgongo umetugeukia, "ukija tena Desemba, nyumbani usisumbuke kupiga hodi mchana. Sitakuwepo. Njoo moja kwa moja hapa."

Mlango wa kabati ulikuwa unajirudisha wenyewe na kutaka kugusa vanishi mbichi. Kaka akafunga mwavuli, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akaenda kuushika.